Nyumba ya Mlango Mmoja

Walimpigia mwoka mikate mlangoni kwa mjomba wangu, mchana kweupe, mtaa mzima ukichungulia.

Alikuwa ametoka mbio kwenye tanuri lake, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake vijana wa Gunzi wenye marungu. Alivuka uchochoro unaotenganisha nyumba yake na ya mjomba, akazunguka mbele, akazishika nondo za mlango kwa mikono yote miwili.

"Fundi! Fungua, fundi, wananiua!"

Mjomba alikuwa amesimama upande wa ndani wa nondo hizo hizo, karibu kiasi cha kuzisikia pumzi za jirani yake, ufunguo mkononi. Wakatazamana. Mjomba hakufungua.

Gunzi hakuwa na pupa. Alimsogelea mwoka mikate taratibu, akaanza kumgonga vidole kwa rungu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepigilia misumari. Mkono wa kushoto ukaachia. Wa kulia ulikataa, wakauvunja kifundo. Wakamburuta katikati ya barabara na kumkanyagakanyaga mpaka akaacha kupiga kelele, kisha wakaingia kwake na kutoka na magunia yote ya unga. Akipita tena mbele ya mlango wa mjomba, Gunzi aliipigapiga nondo moja kwa kiganja, kama mtu anayempongeza farasi.

"Hongera, fundi," alisema. "Haijatikisika hata chembe."

Kwenye nondo palibaki alama za vidole vya mwoka mikate, nyeupe kwa unga na nyekundu kwa damu. Mkewe, mkaza mjomba wangu, alizifuta kwa kitambaa chenye maji. Unga na damu vikichanganyika huwa kama uji mzito, aliniambia baadaye, na huganda haraka kuliko mtu anavyodhani.

Ningependa msomaji asimhukumu mjomba kabla ya kumfahamu.

Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko kwenye kona ya barabara kubwa, na tangu nikiwa mdogo nakumbuka macho yake mekundu na shati lake lenye matundu madogo madogo ya cheche. Watu humwita Nondo. Madirisha na milango ya mtaa ule karibu yote ni kazi ya mkono wake, na fahari yake ilikuwa moja: hakuna skrubu. "Mwenye bisibisi ni fundi mwenzako, tena asiyelala," alikuwa akisema. Hata pini za bawaba alizichomelea vichwa, zisichomolewe na mtu. Kitu alichokifunga mjomba kilikuwa kimefungwa.

Dhiki ilipoanza, yeye aliinusa mapema. Wengine walikuwa bado wanabishana kama mvua itanyesha na kama kiwanda kitafunguliwa tena. Mjomba hakubishana. Aliona watu wanakuja karakanani kumuuzia mageti yao yakiwa chuma chakavu, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe, "Mtu akiuza geti lake, ujue ndani hakuna tena cha kulinda. Tujiandae."

Wakajiandaa, na nasema kwa haki kwamba walijiandaa vizuri. Mahindi waliyanunua wakati bado yapo, wakayaanika upya juu ya turubai, na mkaza mjomba alikuwa akiing'ata punje moja kila alasiri: ikipasuka kwa mlio mkavu, inaingia guniani, ikibonyea, inarudi juani. Maharagwe waliyachanganya na majivu yaliyochekechwa, ili mdudu akose pa kupumulia. Madumu ya maji yalipangwa ukutani, la zamani mbele na jipya nyuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuchota la nyuma hata kama amekuja rais. Chumvi, mkaa, sabuni, viberiti ndani ya kopo lililofungwa kwa nta, vitambaa vya kufungia vidonda. Cherehani ya umeme ya mkaza mjomba, ambaye ni mshonaji, ilibadilishwa ikawa ya kupiga kwa miguu.

Bibi yangu, mama yake mjomba, ambaye wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kumsusa, aliyatazama yote hayo akiwa kitandani.

"Mwanangu, hii ni nyumba au banda la kuku? Humu hata malaika wa kifo atabisha hodi akose wa kumfungulia."

"Si ndiyo vizuri, mama?"

"Vizuri kwake. Ataondoka zake kwa amani. Sisi je?"

Mjomba akacheka. Tatizo lake kubwa wakati huo lilikuwa nafasi. Nyumba ni ndogo: sebule, vyumba viwili, na bafu ambalo zamani lilikuwa jiko. Magunia yawekwe wapi? Jibu alilipata kwenye mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma, alisema, ni mlango wa mwizi. Mgeni wa heri hupita mbele. Akaujenga kwa matofali, na ile korido fupi iliyokuwa ikielekea nje ikawa ghala. Darini alilaza wavu wa chuma, maana wezi wengine hupitia juu. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjomba aliziba ufa, na ukuta akaujenga vilevile.

Magunia yale aliyabeba Gunzi.

Wakati huo Gunzi alikuwa mchukuzi kwenye ghala kubwa la nafaka, kijana mwembamba, mrefu, mwenye shingo iliyokomazwa na mizigo, na jina lake alilipata huko. Alikuwa akiishi na mama yake nyumba ya mwisho mtaani, na mama alikuwa anaogopa wezi. Wakakubaliana na mjomba: Gunzi abebe, mjomba aweke nondo kwenye dirisha la mama. Alibeba kila gunia mgongoni, akaliweka kwa mikono yake ndani ya korido ile. Mjomba naye akaenda kuweka nondo, nene kuliko alizoziahidi. Kila mmoja alimsifu mwenzake.

Kisha ghala likafungwa, na wachukuzi wakabaki na shingo zao tu.

Kuna jambo moja dogo la nyumba ile ambalo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na mjomba wa kumwandika. Dirisha la bafu, lililotazama uchochoro wa kwa mwoka mikate, lilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa. Alilitengeneza akiwa bado mwanagenzi, kwa nondo nyembamba alizookota, zimepandishwa wima bila hata kipande cha kuzifunga katikati. Aliliona aibu. Kila mwaka aliahidi kuling'oa, na kila mwaka nondo nene ziliishia kwa wateja. Mganga hajigangi. Na mkaza mjomba alikuwa akilitumia dirisha hilo kukamulia mablanketi: analizungusha blanketi lililolowa kwenye nondo mbili, anapitisha katikati mti mgumu wa mpera, anausokota mpaka maji yanatiririka kama bomba. Kwa miaka mingi ya kusokota, zile nondo mbili zilikuwa zimeanza kuinamiana.

"Unanipindia nondo, mke wangu! Hii si kamba ya kuanikia."

"Nondo gani inayoshindwa na blanketi? Ficha aibu yako, fundi. Wateja wasikie."

"Hivi ni lini utakamua kwa mikono kama wanawake wengine?"

"Siku utakapofua wewe."

Ugomvi huo ulikuwa wa kila jua la kufulia. Mti wa mpera ulisimama daima kwenye pembe ya bafu, mweusi kwa maji na laini kwa kushikwa.

Sasa turudi siku ile mwoka mikate alipovunjwa mkono. Jioni yake hakuna aliyekula. Mkaza mjomba alipakua, akaweka sahani mbele ya mumewe bila kumkaribisha. Mjomba akaanza kujieleza bila kuulizwa: angefungua, wangeingia wote; wangeingia, wangekuta magunia; na mama je, angekimbia kwa miguu ipi?

"Usinifanye mimi kufuli lako," bibi akasema kutoka kitandani. "Leo nimesikia mtu akibisha hodi kwa mwanangu. Nimekaa nisikie 'karibu'. Sikusikia."

Mjomba akatoka mezani.

Walikuja keshoye, alasiri, jua likiwa bado kali. Umeme ulikuwa umekatika siku nyingi, na mashine zote za mjomba zilikuwa karakanani. Alizifungia huko kwa kufuli kubwa, pamoja na misumeno, patasi na mitaimbo, ili zisiibwe. Ndani ya nyumba palikuwa na chakula cha msimu mzima, lakini hapakuwa na hata tupa ya kusugulia ukucha.

Gunzi alisimama mbele ya mlango na kundi lake, panga kiunoni.

"Fundi, shikamoo."

Mjomba hakuitikia.

"Basi tuache salamu. Fungua tubebe. Njia naijua, yale magunia mimi ndiye niliyeyapanga. La mahindi meupe liko chini kushoto, limeshonwa kwa uzi wa bluu. Nisahihishe kama nakosea."

"Nenda, kijana. Kuna mgonjwa ndani."

"Kila nyumba ina mgonjwa. Ugonjwa mmoja, njaa." Vijana wakacheka. "Wenzangu walitaka tuje na mtaimbo. Nikawaambia hapana, hizo ni kazi za Nondo, mtaimbo utapinda wenyewe. Kwa mama yangu nimejaribu. Siku moja nilipoteza ufunguo, nikahangaika kutwa nzima na dirisha lako, hata rangi haikutoka. Kwa hiyo leo sikuja kuvunja."

Akainua mkono. Vijana wawili wakasukuma matairi mpaka kwenye kizingiti, wa tatu akamimina petroli.

"Nimekuja kukuomba utoke mwenyewe," Gunzi akasema. "Utoke na gunia mgongoni, kama nilivyoingia mimi."

Moto haukupanda taratibu. Uliruka. Mlango mzima ukawa pazia la moshi mweusi, na papo hapo chupa ikapita katikati ya nondo za dirisha la sebuleni, ikapasukia kwenye vitambaa vya wateja wa mkaza mjomba. Nguo za mtu fulani ambaye hatazivaa zikashika. Kisha dari.

Mjomba alikimbilia mlangoni na ufunguo. Kufuli lilikuwa linachemka. Lilimbabua kiganja, ngozi ikabaki kwenye chuma. Kupitia moshi aliona mapanga yakisubiri. Akakimbilia dirisha la chumbani, akazivuta nondo alizozichomelea mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani aliijua kazi yake kama wezi wanavyoijua. Akakimbilia korido, akaanza kuyang'oa magunia ili afikie tofali. Alibomoa ukuta wa magunia, nyuma yake akakuta ukuta wake wa kweli. Akaupiga kwa bega. Akaupiga kwa dumu lililojaa. Dumu lilipasuka.

"Hakuna njia," alisema, akikohoa. "Mama, nisamehe. Hakuna njia."

Mkaza mjomba hakuwa amesimama kumsikiliza. Alikuwa amembeba bibi mgongoni mpaka bafuni, amemlaza sakafuni ambako hewa bado ilikuwapo, na amelitumbukiza blanketi la kitanda ndani ya pipa la maji ya akiba. Alilitoa zito kama maiti, akalizungusha kwenye zile nondo mbili, akalifunga, akapitisha mti wa mpera.

"Njoo ushike!" akapiga kelele. "Acha ukuta wako, njoo usokote!"

Mjomba aliliona dirisha la aibu yake, akaelewa. Walishika mti pamoja wakazungusha. Blanketi likalia, maji yakawamwagikia, nondo zikasogeleana upana wa kidole. Wakazungusha tena. Lakini huko mbele sauti za vijana zilikuwa zinazunguka nyumba, na mmoja alisikika akisema, "Mbona kimya? Tazameni nyuma."

Uchochoro ule mtu mmoja tu mwenye panga angetosha kuufanya kaburi. Mjomba akaachia mti.

"Endelea wewe. Mimi naenda kuwapa maneno."

"Unakwenda wapi?"

"Sokota, mke wangu!"

Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa chuma, hata fimbo ya pazia. Mjomba aliling'oa pazia la chumbani, likabaki kipande cha nondo kirefu kuliko yeye, ncha yake imekatwa mshazari. Akarudi sebuleni akiwa amejifunga shati lililolowa usoni. Dari lilikuwa linadondoka vipande vipande na nywele zake zilikuwa zinanuka.

"Gunzi!" akaita. "Nafungua! Sogea upokee ufunguo, mimi sioni!"

Wote wakarudi mbele. Gunzi akasogea kwenye dirisha la sebule, upande ambao moto ulikuwa bado haujafika, akaingiza mkono katikati ya nondo. Panga lilikuwa mkono wa pili.

"Lete."

Mjomba alimshika kifundo kwa kiganja chake kilichobabuka. Gunzi akapeleka panga ndani bila kutazama. Likamkata mjomba kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na bega, nyama ikafunguka kama mfuko. Mjomba hakuachia. Kwa mkono wa pili akaisukuma nondo ya pazia kwa nguvu zake zote. Iliingia juu ya paja, kwenye kinena, ikatokea upande wa pili. Gunzi hakupiga ukelele. Alishangaa tu, akatazama chini, akasema "Mama" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeita kuuliza chakula kiko wapi. Damu ilitoka kwa mapigo. Vijana wake walipoiona, wa kwanza akaangusha rungu na kukimbia, na wengine wakamfuata, wakimwacha ameshikwa na mwanamume anayeungua.

Bafuni, mti wa mpera ulikuwa umeanza kupasuka. Mkaza mjomba alisikia ufa ukikimbia ndani yake. Nondo zilikuwa karibu kugusana, nafasi upande mmoja ilitosha kichwa tu, si mabega. Akalia kwa hasira. Ndipo kivuli kikaziba dirisha upande wa nje.

Alikuwa mwoka mikate. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye ubao, uso umevimba jicho moja limefunga, na mkono mwingine ulikuwa na chuma kirefu anachochochea makaa ya tanuri.

"Leo mnafungua?" akauliza.

"Jirani, tafadhali..."

"Pitisha blanketi hapa. Toa huo mti, utakutoboa macho."

Alikiingiza chuma chake mahali pa mti, akakilalia kwa kifua, kwa sababu vidole vyake havikuweza kukikaza. Mkaza mjomba alisukuma kutoka ndani. Nondo nyembamba ya mwanagenzi iling'oka kwenye fremu na kipande cha ukuta.

Bibi alitoka kwanza, mwepesi kama uzi, miguu mbele. Mkaza mjomba ni mwanamke aliyejaliwa nyonga, na nondo iliyobaki ilimkwangua ngozi toka kiunoni hadi gotini, mwoka mikate alimvuta kwa kanga huku akisema, "Vumilia, shemeji, mkate mkubwa hutoka tanurini kwa shida." Alicheka, aliniambia. Alikuwa anavuja damu, mumewe yumo motoni, na alicheka, na mpaka leo anashangaa.

Kisha akageuka na kuanza kumwita. Mjomba hakujibu. Akamwita tena kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilitumia.

Alitokea akitambaa, mkono mmoja unaburutika. Alikuwa mpana kuliko wote. Kichwa kilipita, bega moja likapita, la pili likagoma. Nyuma yake dari la korido liliporomoka juu ya magunia.

"Vunja," akasema.

"Nini?"

"Bega. Vunja nitoke."

Mwoka mikate alimtazama mtu huyu ambaye jana alisimama na ufunguo. Akaweka goti lake kwenye mtulinga wa mjomba, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, akaegemea. Ulilia kama kijiti kikavu. Wakamvuta akatoka, amezirai.

Nyumba iliwaka mpaka jua linazama. Mahindi yaliyopangwa kwa akili nyingi yaliungua polepole, gunia kwa gunia, na mtaa mzima wenye njaa ulinuka mahindi ya kuchoma. Watu walitoka wakasimama mbali, wakivuta harufu ile. Kulipopoa walikuja na makopo kuchambua punje zisizoungua. Mkaza mjomba hakuwafukuza. Alikuwa miongoni mwao, anachambua.

Gunzi walimkuta chini ya dirisha la sebule. Alijivuta kidogo kuelekea mwisho wa mtaa, akaishia ukutani kwa mwoka mikate. Askari walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mama yake alikuja na shuka, akamfunika, akakaa chini kando yake mpaka wakamchukua. Hakumtazama mtu yeyote.

Mjomba, mkewe na bibi walihamia kwenye chumba cha nyuma ya tanuri la mwoka mikate. Huko ndiko nilikowakuta nilipofunga chuo na kurudi. Mjomba alikuwa amefungwa mkono kifuani, na bibi alikuwa amelazwa karibu na ukuta wa tanuri, ambako kuna joto.

"Umeona, mjukuu wangu?" akaniambia. "Malaika alibisha hodi, mjomba wako akampa ufunguo wa uongo."

Mjomba hakucheka. Aliketi mlangoni akiutazama mtaa: nyumba kwa nyumba, dirisha kwa dirisha, kazi ya mikono yake yote, hakuna skrubu. Mkono ulipoanza kunyooka alichukua msumeno wa mkono na kuanza kupita mlango hadi mlango. Aliwaambia watu jambo moja tu: katika kila nyumba dirisha moja la nyuma likatwe, liwekwe bawaba, lifungwe kwa kufuli kwa ndani, na ufunguo uning'inie kwenye msumari karibu na kitanda, kwa kamba fupi asije mtu akauazima. Kisha aliwataka wazime taa, wafumbe macho, wautafute kwa kupapasa. Wengine walimcheka, aliwasubiri wamalize kucheka, akawaambia wafumbe macho. Na mbele ya mlango wa nyuma, alisema, pasiwekwe hata kijiko.

Nyumba moja hakuthubutu kuiendea. Kila alipofika karibu na mwisho wa mtaa, aligeuka.

Siku moja asubuhi mama yake Gunzi alikuja mwenyewe. Alisimama kwenye tanuri, akanunua mkate, na alipokuwa anaondoka akasema bila kumtazama mjomba, "Na mimi nina dirisha."

Mjomba alikwenda. Mkono wake ulikuwa bado dhaifu, hivyo mkaza mjomba akambebea msumeno, na mimi nikabeba bawaba. Mama yule alitufungulia, hakutukaribisha kuketi. Nondo zilikuwa kama mjomba alivyoziacha, nene, rangi haijatoka. Pembeni ya fremu palikuwa na mikwaruzo ya mtu aliyewahi kuhangaika nazo kutwa nzima.

Mjomba aliiona mikwaruzo hiyo, akasimama na msumeno bila kuanza.

"Kata," mama akasema. "Au umekuja kutazama?"

Alikata. Kukata nondo nene kwa mkono mmoja mzima na mmoja mbovu ni kazi ya kutwa. Chuma kilipoanza kuyumba mama alizunguka nje, akakishika upande wa pili ili kisimwangukie fundi. Alikishika kwa mikono miwili, wakatazamana kupitia dirisha lile, mjomba na mama wa mtu aliyemuua, mpaka kipande kikaachia.

Aliweka bawaba na kufuli. Ufunguo akautundika kwenye msumari ubavuni mwa kitanda kimoja. Kitanda cha pili kilikuwa kimekunjwa godoro.

Mama alifumba macho bila kuambiwa. Alipapasa ukuta, akaupata ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma dirisha likafunguka lote. Akatoa kichwa nje, kisha mabega, akabaki hivyo, akiutazama mtaa mpaka mwisho wake wa pili, ambako mabaki ya nyumba ya mjomba bado yalikuwa meusi. Akarudi ndani. Akafunga, akafungua, akafunga tena, akisikiliza.

"Bawaba inalia," akasema. "Itie mafuta."